Maji Kifuani mwa Firigogo

Zamani firigogo hakuwa ndege wa safari. Huyu mnayemwona asubuhi akipita juu kwa makundi, rangi yake mchanga mtupu, akienda majini na kurudi nyikani mbio kama aliyesahau chungu motoni, zamani alikuwa ndege wa kukaa. Makazi yake yalikuwa kisimani. Alitaga kando ya kisima, akanywa hapo, akanenepa hapo, hata ndege wengine wakawa wanamwita mwenye nyumba. Na manyoya ya kifua chake yalikuwa ya kuteleza kama ya bata. Tone la maji likimwangukia lilijiendea zake. Haya manyoya ya kulowana kama sufi yalimjia baadaye, na yalimjia kwa sababu ya ugomvi usiokuwa wake. Nawasimulia kama nilivyosimuliwa. Elimu yangu ni ya kusikia kuliko kusoma, na nikizidisha neno, Mola anighufirie.

Ilikuwa nchi ya Waarabu, katika bonde la mawe meusi lililoitwa Harizi, siku ambazo Uislamu ulikuwa bado mchanga. Wale walioupokea wakiwa vijana walikuwa sasa wazee wa mvi, wanakwenda mmoja mmoja. Mtu wa kwanza kusilimu bondeni alikuwa Nuaimu, na ndiye aliyechimba kisima kwa mikono yake, akasema, "Maji haya ni sadaka kwa kila mwenye koo." Watu wakamfanya imamu wao na mkubwa wao. Uhai wake wote hapana aliyeuliza nani atasimama mbele siku Nuaimu akiondoka. Waliuliza walipokwisha kumzika, na kumbe majibu walikuwa nayo zamani, tena mawili.

Wako waliosema ni Jundubu, mwana wa Nuaimu, kwani kilemba cha baba huvaliwa na mwana. Wako waliosema ni Khirashi, mtoto wa nduguye Nuaimu, kwani ndiye aliyewaswalisha watu mzee alipokuwa kitandani. Wote wawili walikuwa watu wa swala na saumu. Wamekua pamoja, wamekula sahani moja. Lakini habari za miji mikubwa zilikuwa zikija na misafara, kwamba huko nako ndugu wamegawana, huyu kwa huyu na yule kwa yule. Ugomvi wa wakubwa ukawashukia wadogo kama vumbi la msafara: hukuliona likiingia, lakini ukitafuna mkate unasikia mchanga.

Katikati yao alikuwapo Umaima. Alikuwa binti wa Nuaimu, dada wa Jundubu tumbo moja. Na alikuwa mke wa Khirashi, binamu yake, naye ana mtoto wa kike wa kunyonya, jina lake Lubaba. Wanawake walipomuuliza yuko upande gani, alikuwa akiwajibu, "Mimi ni mlango. Mlango una upande gani?" Wakicheka, naye akicheka. Alidhani ni maneno ya kupita.

Ijumaa moja, watu wametoka kuswali, wamesimama kisimani, Jundubu akasema, "Mwana wa ami, umekalia mkeka wa baba yangu hata haujapoa."

Khirashi akamjibu, "Baba yako ndiye aliyenikalisha. Wewe siku hiyo ulikuwa sokoni, ukigombania mkia wa mbuzi."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoharibu. Neno lingesameheka, lakini kicheko hakina mwenyewe wa kukuomba radhi. Jundubu akainua mkono akaapa, "Wallahi, halitaingia vinywani mwetu tone la kisima hiki kwa mkono wa mtu wa upande wako!" Na Khirashi naye, damu imempanda, akaapa, "Nami wallahi, hakitapanda kwenu kiriba wala kata ya maji haya. Na huyu Umaima akiwapelekea, hana mume!"

Umaima alikuwa amesimama palepale, mtoto mgongoni, ameshika kamba ya ndoo. Hakuna aliyemtazama.

Jundubu akahama na watu wake, wakapanda kwenye mawe meusi juu ya bonde, ambako maji ya mvua hutuama katika mashimo. Mama yao, Bi Rufaida, akafuatana na mwanawe, maana mjane hukaa kwa mwanawe wa kiume. Alipoagana na binti yake alimshika kidevu akamwambia, "Usilie, mwanangu. Hawa ni watoto wamenuniana. Wakisikia njaa watarudi." Alikuwa amewalea wote wawili kwa maziwa ya mbuzi mmoja, akadhani anawajua. Hawakurudi.

Mvua ilikuwapo, na maji ya mawe yakawatosha. Kisha mvua ikakata, mashimo yakabaki na tope, halafu na nyufa. Watu wa Jundubu wakawa wanakwenda mwendo mrefu hadi chemchemi moja ya maji ya chumvi. Vijana waliyavumilia. Bi Rufaida kila akiyanywa aliyatapika.

Chini kisimani, Umaima alikuwa na jambo moja lililomtuliza. Mama yake alikuwa na desturi, akiamka alfajiri, kutia kuni mbichi jikoni, na moshi wake ukapanda mweupe. Umaima akiuona hujiambia, mama ameamka. Kwa moshi ule alijua habari zote: leo amechelewa, leo kuna upepo kwake, leo amepata kuni nzuri. Mara mbili alipanda kumwamkia, mikono mitupu, na mara zote mbili vijana wa Jundubu walimzuia njiani. "Rudi kwako, mke wa Khirashi. Hatutaki wapelelezi." Vijana aliowabeba mgongoni! Basi akabaki na moshi. Na moshi ukawa mwembamba, ukawa uzi, na asubuhi moja haukuwapo.

Siku ile akapita mchungaji mmoja mwanamke, asiye wa upande wowote. Akamwambia, "Mama yako amelala chini, haamki. Anayataja maji ya kisima cha mumewe kama mtu anavyomtaja mtoto aliye safarini."

Umaima akamwendea mumewe. "Baba Lubaba, mama yangu anakufa kwa kiu, na mimi hapa nateka maji ya kuogesha ngamia."

Khirashi akainama. "Nimeapa kwa jina la Mungu, binti ami. Wataka nilichezee jina la Mungu?"

"Na udugu, aliyeuumba ni nani?"

Wote walijua sheria: mwenye kuapa kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, atende lililo bora na atoe kafara. Khirashi alikuwa akiwafundisha wengine jambo hilo. Hofu ya Mungu ilikuwamo moyoni mwake, sikatai. Lakini humo humo ilikuwamo hofu ya kuchekwa, na zote mbili zilivaa kilemba kimoja, hata mwenyewe hakujua anayoiamkia ni ipi. Nasi tusimcheke. Wangapi tunamheshimu Mungu kwa jambo ambalo kwa kweli ni uso wetu tunauheshimu?

Umaima akarudi kisimani, akachukua kazi yake ya kuchana sufi, akaichana huku analia. Akibeba maji, nyumba imevunjika, na Lubaba akiachishwa ziwa atachukuliwa na watu wa babake. Asipobeba, mama ndiye huyo anakwenda. Alikuwa akichana hajui anachana nini.

Firigogo dume alikuwa miguuni pake akidonoa shayiri. Akasema, "Mama Lubaba, shayiri yangu imekuwa ya chumvi leo. Kuna nini?"

Umaima akamweleza yote, kama mtu anavyojisemea.

"Nani na nani wameapa?" akauliza firigogo.

"Wote."

"Mimi sikuapa."

Akachota maji kwa mdomo akaruka. Kufika nusu ya njia, akaumeza mzigo kwa kuhema. Akarudi, akajitupa mwili mzima katika hodhi ya kunyweshea ngamia, akaruka tena; maji yakateleza kifuani yote, akafika juu mkavu kama jiwe. Mkewe, aliyekuwa akiatamia mayai kando ya kisima, akamsuta: "Mtazameni bwana wangu, amekuwa punda wa maji! Mayai yanapoa, na yeye anasombea wakwe wa watu!"

Firigogo akarudi kwa Umaima akamwambia, "Kifua changu hakishiki kitu. Chako hicho mkononi kinashika." Alikuwa akiitazama ile sufi.

Umaima akaelewa. Akampakata, akashika chanuo lake la sufi, akasema bismillahi, akaanza kumchana manyoya ya kifua. Ndege alitetemeka, na Umaima akasita. "Chana," akasema firigogo. Akachana, huku anaomba, mpaka yale manyoya ya kuteleza yakafumka, yakajikunja, yakawa laini kama sufi ya mwanakondoo. Kisha firigogo akaingia majini hadi tumboni, akajisukasuka huku na huku kama mtoto anayebembelezwa, na maji yakaingia kifuani yakakaa. Akaruka mzito.

Huko juu Jundubu alikuwa anatoka chemchemini na kiriba cha maji ya chumvi. Aliingia hemani akamkuta mama yake amemshika ndege kwa mikono miwili, amemweka kinywani.

"Mama! Tumefika kula ndege mbichi?"

Bi Rufaida akamtoa kinywani taratibu. Midomo yake ilikuwa imelowa. "Simli, mwanangu. Namnyonya. Haya ni maji ya baba yako; nayajua, yana ladha ya jiwe. Nimeletewa na asiyeapa."

Jundubu akatua kiriba chini. Akakaa. Alimtazama mama yake, aliyemnyonyesha yeye, akinyonya kifua cha ndege kama kinda, na yale maneno yote makubwa aliyokuwa akiyasema barazani hakuliona hata moja. "Nimekosa," akasema. "Nimemlinda Mungu asiyehitaji mlinzi, nikakuacha wewe unayehitaji mlinzi."

"Basi nenda kamwambie mwenzio," akasema mama. "Mimi nilikwisha kujua."

Jundubu akashuka bondeni peke yake, bila upanga. Watu wakamwona, wakaacha kuteka. Akasimama pale pale kisimani, mbele ya wale wale waliocheka. "Mwana wa ami, nimekuja kuvunja kiapo changu. Anayetaka kucheka na acheke. Nipe maji ya mama."

Hapana aliyecheka. Khirashi akatupa ndoo kisimani kwanza. Akiwa amewapa watu mgongo akasema, "Kosa langu kubwa kuliko lako, Jundubu. Wewe ulikuwa na kiu na hasira. Mimi nilikuwa na maji." Akajaza kiriba, akajitwika begani yeye mwenyewe, ili mkewe asiwe ndiye aliyebeba. "Twende, binti ami," akasema. Wakapanda watatu, na Lubaba mgongoni mwa mamake. Njia ile ile Umaima aliyorudishwa, vijana sasa wakampisha, macho chini.

Umaima alitangulia, akawaacha nyuma wanaume, akipanda mbio kwenye mawe, na njia nzima alikuwa akipanga la kumwambia mama. Atamwambia Lubaba ameota meno. Atamwambia alikuwa akiuona moshi.

Alimkuta amelala kwa ubavu, uso umeelekea bondeni. Firigogo alikuwa amerudi na maji mara ya pili, yupo mikononi mwake, kifua chake kingali kimelowa, hakikunyonywa.

"Mara hii hakunywa," akasema firigogo. "Alinishika tu. Akaniita kwa jina lako."

Umaima hakupiga ukelele. Alimchukua ndege akamweka kando, akalala mahali pake.

Maji waliyomletea kunywa ndiyo waliyomwoshea. Khirashi alishika kiriba, Jundubu akatengeneza kaburi, na katika swala ya maiti kila mmoja alimsukuma mwenzake mbele, mpaka wakaogopa kumchelewesha mama. Kisha wote wawili walitoa kafara ya viapo vyao, na watu wakateremka, wakanywa kisima kimoja. Nani aliyeswalisha baada ya hapo, walionisimulia hawakukumbuka. Nadhani halikuwa tena jambo la kukumbukwa.

Lakini firigogo hakurudi. Umaima alimkuta siku nyingine amesimama kwenye mawe meusi, karibu na kaburi, kifua kimelowa maji. Akamwambia, "Rudi nyumbani, baba. Kazi imekwisha."

Firigogo akajibu, "Kwako imekwisha, Mama Lubaba. Mimi kifua changu kimezoea uzito. Kikikauka nakiona chepesi, kama niliyesahau mtu mahali." Akamwita mkewe, na mkewe akaja, akinung'unika njia yote, akataga huko huko kwenye mawe, mbali na maji.

Na tangu siku hiyo firigogo hatagi kando ya maji. Hutaga nyikani kwenye ukame, na kila asubuhi dume huenda majini, akaingia hadi tumboni, akajisukasuka, akaruka mzito kurudi kwa wanawe. Jike habebi, alisema tangu siku ile kwamba yeye hakuahidiana na mtu. Makinda huingiza vichwa kwenye manyoya ya baba yao, wakanyonya wamefumba macho mpaka wakashiba. Na hata wakishashiba wakamwachia, yeye huendelea kusimama kidogo pale pale, hana anachongoja, kifua amekitoa mbele, amegeuza kichwa, kama anayesikiliza kuitwa.