Kamba ya Kengele na Shuka za Imma

Hapo zamani, katika nchi ya baridi ambako kila kijiji kilikuwa na wakubwa wawili, mmoja wa ngome na mmoja wa kanisa, mwanamke mmoja aitwaye Gerlinda alikuwa kijitoni akikamua shuka. Yeye ameshika ncha hii, binti yake Imma ameshika ncha ile, mmoja anasokota kulia, mwingine kushoto, maji yanachuruzika. Shuka zilikuwa za Imma. Kitani alikipanda mwenyewe, nyuzi alizisokota mwenyewe, akazifuma kila msimu wa baridi tangu vidole vyake vilipopata nguvu, ili siku ya harusi asiingie kwa watu mikono mitupu.

Walikuwa kwenye shuka ya mwisho walipomwona Bi Oda, mama mkwe wa Gerlinda, akishuka mteremko bila fimbo yake. Gerlinda alipoona hana fimbo, akajua jambo ni kubwa.

“Kanisa limefungwa,” alisema Bi Oda. “Na mwanangu yumo ndani.”

Gerlinda hakuiachia ile shuka. Alimaliza kuikamua, akaiweka juu ya nyingine kwenye kapu, akajitwika kapu kichwani. Kazi ikiachwa njiani, alizoea kusema, huliwa na mbuzi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyofika hapo.

Mwanawe Bi Oda, ndiye mume wa Gerlinda, aliitwa Wernheri. Katikati ya msimu wa kulima, alipokuwa akilima kipande chake kilichoko upande wa ngome, msimamizi wa Bwana Radulfu, mwenye ngome, alikuja kumchukua ng'ombe wake wa jembe akavute mawe ya ukuta. Wernheri akakataa. Msimamizi akavuta pembe, Wernheri akavuta mkia, mwisho fimbo ya kuswagia ikatua kichwani mwa msimamizi. Hakufa. Lakini alilala matopeni mbele ya watu, na watu wakacheka, na hilo ndilo Bwana hakulisamehe. Akaapa kuukata mkono uliopiga. Ulikuwa mkono wa kulia, mkono wa jembe, na nyumba nzima ilikula kwa mkono ule.

Wernheri akakimbia, akaishika pete ya mlango wa kanisa. Ilikuwa pete kubwa ya chuma, imepigiliwa nje ya mlango, na desturi yake ilijulikana na kila mtoto: anayeishika haguswi, na kanisa humpokea. Padri Burkadi akamwingiza ndani. Askari wa Bwana wakakaa barabarani kumsubiri. Kila asubuhi Gerlinda alimpelekea mumewe uji, akaupitisha dirishani.

Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya shamba la kanisa. Huko nako Bwana hakuwa na amri. Mwenye kosa akiwa katika shamba la kanisa hushtakiwa mbele ya Askofu, na Askofu hakati mikono. Basi kanisa ni la Askofu, shamba ni la Askofu, ila barabara inayopita katikati ni ya Bwana. Wernheri aliweza kuuona moshi wa jiko lake. Asingeweza kuufikia.

Hata hivyo angekula uji wake akasubiri, kama wakubwa wasingegombana. Lakini abati, mkuu wa watawa wa monasteri ya mlimani, alikufa. Bwana Radulfu akamchukua mdogo wake, akampa fimbo na pete ya uabati kwa mkono wake mwenyewe. Askofu akasema fimbo ile haigawiwi na mwenye ngome. Bwana akasema monasteri aliijenga babu yake. Askofu akasema, rudisha. Bwana akasema, njoo uchukue. Na Askofu, asiye na jeshi, akatumia alichokuwa nacho: akafunga makanisa yote katika nchi ya Bwana. Kengele zisilie. Ndoa zisifungwe. Maiti wasiombewe. Milango izibwe kwa miiba, asiingie mtu wala kisipite kitu, hata dirishani.

Askofu hakuwa na ugomvi na Wernheri. Bwana hakuwa na haraka na Wernheri. Wernheri alikuwa na njaa.

Gerlinda akapanda na kapu lake kichwani, Imma na Bi Oda nyuma. Kwanza akamwendea Padri Burkadi, aliyekuwa amesimama mbele ya mlango na mikwaruzo ya miiba mikononi. Padri akamweleza kwamba alimuuliza mjumbe wa Askofu, vipi kuhusu mtu aliyemo ndani? Mjumbe akajibu kwamba amri haikumtaja. Padri alikuwa mtu mwema, mzito wa mwili na mzito wa kuamua. Alisema atasali. Gerlinda akamwambia asali, lakini asiende mbali na ufunguo.

Kisha akawaendea askari. Mkubwa wao alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Hunfridi, na Gerlinda hakuwa amesema naye neno tangu siku ile, kwa sababu Hunfridi ndiye aliyemkimbiza Wernheri hadi mlangoni, na kama Wernheri angejikwaa, Hunfridi angemkamata. Askari walikuwa wakichoma vitunguu kwenye makaa. Mmoja wao akamwambia Gerlinda amwite mumewe, wamemwekea kitunguu kimoja. Wenzake wakacheka. Hunfridi hakucheka.

“Dada,” alisema, “mimi nakula chumvi ya Bwana. Mwambie atoke jioni hii na aombe radhi. Pengine Bwana atachukua vidole tu.”

“Na wewe utamlimia kwa vidole vipi?” Gerlinda akamuuliza, akaondoka.

Wakakaa chini ya ukuta wa kanisa, wanawake watatu na kapu la nguo mbichi. Imma akalia kidogo, akaacha alipoona hakuna anayemtazama. Bi Oda yeye alikuwa akinung'unika, kama kawaida yake, kwamba zamani watu walikuwa na akili, na siku hizi hata ng'ombe wa baba yake angewashinda.

“Ng'ombe gani, mama?” Gerlinda akauliza, maana alijua mama mkwe akinung'unika sana, ndani yake huwa na kitu.

Bi Oda akasema kwamba baba yake alidaiwa ng'ombe na ngome, akamfunga kwa kamba ndefu kwenye pete ile ile ya mlango. Kamba ikapita uwanjani, ng'ombe akavuka akawa anakula majani ng'ambo ya barabara, na msimamizi wa siku hizo alisimama akimtazama kama paka anayetazama nyama iliyotundikwa. Hakumgusa. Kilichofungwa kwenye pete, alisema Bi Oda, kimeishika pete.

Gerlinda akaitazama pete. Halafu akainuka, akarudi kwa Padri Burkadi, akamwambia kamba ya kengele haina kazi siku hizi.

Padri akaelewa, akaketi juu ya kaburi. Alimweleza yale ambayo Gerlinda aliyajua tayari: akiufungua mlango uliofungwa na Askofu, atanyang'anywa kanisa, nyumba na jina la upadri, na yeye ni mzee, hajui kazi nyingine. Gerlinda hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba yeye ndiye aliyembatiza Wernheri mlangoni pale pale, na kwamba uji wa asubuhi, ambao angempelekea akitoka kijitoni, ungali jikoni, umeganda. Kisha akasubiri. Mwishowe Padri akainuka, akaisogeza miiba kwa mguu, akaingiza ufunguo.

Akaikata kamba kutoka kwenye kengele kwa mkono wake mwenyewe. Gerlinda akafunga ncha moja kwenye pete, mara mbili, akaivuta kwa uzito wake wote. Wernheri akajifunga ncha ya pili kiunoni, akatoka, macho yamebana kwa mwanga.

Wakapita uwanjani. Wakafika ukingo wa barabara. Na hapo kamba ikaisha.

Ng'ambo, ua wa shamba ulionekana wazi, na kuku wao wakiparua chini yake. Askari wakasimama. Mmoja akasema kamba ya kanisa nayo ina imani fupi. Wakacheka tena.

Gerlinda alikuwa akiliangalia kapu. Hakuzigusa shuka, kwa kuwa si zake. Imma ndiye aliyelishusha kapu chini, akaitoa shuka ya kwanza, akaikunjua.

“Ukiifunga, mama, ifunge ikiwa mbichi hivi hivi,” alisema. “Fundo la kitani kibichi halifunguki.”

Wakafunga shuka kwa shuka. Nyeupe zile zikashuka barabarani, kwenye matope na mavi ya farasi, na Wernheri akasonga mbele kila fundo lilipokaza. Alikuwa katikati ya barabara Bwana Radulfu alipotokea juu ya farasi wake, maana kuna watu wengi wa kupeleka habari ngomeni.

Bwana akaitazama kamba, akazitazama shuka, akaufuata mstari hadi kwenye pete. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba mkono utakaokata kitu kilichofungwa kwenye pete ile ndio Askofu atakaoulaani, na akilaaniwa Bwana mwenyewe, viapo vya askari wake vyote vinaanguka. Kwa hiyo hakushuka farasini. Alimgeukia Hunfridi.

“Kata,” alisema.

Hunfridi akachomoa upanga. Akaenda hadi kwenye shuka ya kati, akaitazama. Gerlinda alimtazama kaka yake bila kumwomba kitu. Askari wengine walikuwa wakimtazama pia, kwa sababu wao hufanya anachofanya yeye. Hunfridi akaulaza upanga chini, akaketi juu yake, hapo hapo barabarani, kama mtu aliyechoka sokoni. Wenzake wakaanza kuyachunguza mawingu.

Bwana akamwambia kwamba kuanzia saa ile hana farasi, hana kitanda ngomeni, na asionekane. Hunfridi akajibu kwamba amesikia. Na Imma akafunga shuka ya mwisho, na Wernheri akapita ua akakanyaga shamba la kanisa, na kuku wakatawanyika.

Hayo yote yalikwisha kabla jua halijashuka.

Jioni Gerlinda akapakua mchuzi wa kabichi na vitunguu, akaleta mkate wa shayiri. Kabla ya kukata mkate alihesabu vichwa, kama alivyofanya kila jioni. Bi Oda kwenye kiti chake. Wernheri, mkono wa kulia juu ya meza, ukitazamwa na kila mtu. Imma, kucha zikiwa na matope. Hunfridi karibu na mlango, asijue aketi wapi. Padri Burkadi, aliyeleta kila alichobaki nacho ndani ya blanketi moja. Wote wapo.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya jambo kubwa, kipande cha kwanza cha mkate hupewa yule ambaye bila yeye meza isingekamilika, na haja ya mwenye kipande hicho ndiyo hutangulia mwaka ule, kabla ya haja ya mtu mwingine yeyote. Na mwaka ule nyumba isingeweza kutimiza haja mbili. Ilibaki ardhi kidogo tu, kwa kuwa upande wa ngome hawangelima tena, na kitanda kimoja karibu na moto, na nafaka ya tumbo moja la ziada, nayo ingepatikana tu ardhi ile isipopandwa kitani.

Wernheri alisema yeye hadai kitu. Alichodai anacho mwisho wa mkono wake.

Bi Oda akasema wazi kwamba bila ng'ombe wa baba yake wote wangekuwa bado wamekaa chini ya ukuta wakilia, na mifupa yake inataka kile kitanda karibu na moto kabla baridi haijaingia.

Padri Burkadi akasema polepole kwamba hapendi kudai. Lakini wengine walitoa akili, walitoa nguo, yeye alitoa kila kitu, tena alikitoa akijua, na kesho hana paa. Bi Oda akamkumbusha kwamba alichukua muda mrefu kuupata ufunguo uliokuwa kiunoni mwake.

Hunfridi akasema kamba ni kamba, na upanga ukishuka, kamba hukatika. “Mimi niliketi,” alisema. “Sina zaidi ya hapo, wala pa kulala na pa kula kesho.” Imma akamwambia, “Mjomba, lakini wewe ndiye uliyemkimbiza baba.” Hunfridi akakubali kwa kichwa. Akasema ndiyo, na kwamba mtu aliyekimbiza ndiye peke yake ambaye angeweza kuketi.

Imma alikuwa wa mwisho. Alisema kwamba bibi alitoa maneno, nayo hayakupungua. Padri na mjomba walipoteza walichopewa na wakubwa wao. Yeye alitoa alichokitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyemwomba. Mama wa mchumba wake alikuwa amesimama barabarani akiangalia shuka zikiburutwa matopeni. Asipopandiwa kitani upya mwaka huu, katika ardhi ile iliyobaki, hataolewa mwaka ujao, makanisa yafunguliwe yasifunguliwe.

Gerlinda aliwasikiliza wote. Mchuzi ulikuwa unapoa. Aliuweka mkate kifuani kama wafanyavyo wanawake wa kule, kisu kikaelekea kwake, akakata kipande cha kwanza, kinene, chenye ganda. Akakishika. Watu watano walimtazama mkono.

Nanyi mlioketi hapa mmewaona wote, na mmesikia kila mmoja. Mkate umekwisha kukatwa, hauwezi kurudi. Je, Gerlinda ampe nani?