Jiko la Atuganile

Katika kijiji kimoja cha milimani, ambako baridi huwagonganisha watu meno hata jua likiwa utosini, jumbe alitoa amri: anayejenga jiko la kuotea moto nyumbani atasamehewa kodi ya mwaka ule, mradi mtoza kodi alione likiwaka kabla mwaka haujaisha.

Mtoza kodi, Luvanda, alikula fungu lake katika kodi hiyo. Kwa hiyo kila alipoitwa kukagua jiko, miguu ilimuuma. Mjane Atuganile alimwita mpaka akachoka.

"Nitakuja, mama," Luvanda alimjibu. "Haraka haraka haina baraka."

Siku ya mwisho ya mwaka, ukungu ukiwa mzito, ajuza aliyejitanda blanketi jekundu hadi machoni alimnong'oneza Luvanda dirishani.

"Atuganile anapika gongo. Ukimkamata leo, faini ni yako."

Luvanda aliupanda mlima mbio, akizoa majirani njiani wawe mashahidi. Akausukuma mlango. Jiko lilikuwa likinguruma, na juu yake sufuria ya viazi.

"Gongo iko wapi?"

"Gongo gani, bwana? Hapa pana jiko tu. Au haliwaki?"

"Nina macho. Naliona linawaka."

Atuganile akawageukia majirani. "Mmemsikia. Basi kodi yangu imesamehewa."

Hapo ndipo Luvanda alipoliona blanketi jekundu limetundikwa nyuma ya mlango, bado bichi kwa ukungu.

"Umenikimbiza mlima mzima," alisema akihema.

"Pole, bwana. Si ulisema mwenyewe haraka haraka haina baraka?"