Jini Ndani ya Mumunye Bichi

Hapo kale, kabla babu zetu hawajajifunza kulalamikia bei za sokoni, mji wa Pambajani ulitawaliwa na Sultani Mutasimu bin Jaufari, mfalme mwenye hazina isiyo kikomo na farasi wasio idadi, na ulimi ambao tangu uzaliwe haukuwahi kutamka neno ahsante. Si kwamba alikuwa mtu mbaya, la. Watumishi wake walikuwa wepesi mno, na kila alichokitaka kilimfikia kabla hajajua kuwa anakitaka, na mtu asiyengoja kitu atashukuru nini?

Na nyuma ya kasri yake, katika nyumba ndogo aliyoachiwa na marehemu mamake, alikaa Sururu bin Feruzi, mtu wa makamo mwenye kitambi, na ndevu zilizoingia mvi upande mmoja tu, kana kwamba upande wa pili haujapata habari. Sururu alikuwa ameizunguka dunia. Alifika Basra, akafika Sindi, akafika Bukini, na wenziwe walirudi na hariri na lulu, na yeye akarudi na goti bovu na kifuko cha mbegu za maboga na mamumunye. "Mimi ni msafiri hodari," alizoea kusema, "sikupotea hata mara moja. Ni bandari tu zilizokuwa zikikosea mahali pa kukaa."

Mbegu zile alizipanda uani, na Mola akazibariki, na mimea ikatambaa ikapanda kuta na paa la jiko. Palikuwa na maboga ya kijani yenye mabaka, na maboga mekundu yaliyokaa chini kama mabibi harusi, na vibuyu vyenye shingo ya bata, na vyenye vipele, na vyenye mistari, na vingine vidogo mfano wa ngumi ya mtoto, visivyofaa kuliwa wala kuchotea maji, ila kutazamwa tu na kuufurahisha moyo. Na kila asubuhi Sururu alichechemea katikati yake akisema, "Alhamdulillahi, nanyi hamjambo? Mimi goti tu."

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Bi Zuwena binti Mkadamu, mjane msuka mikeka, mwenye ulimi mkali na mkono mkunjufu. Na ada ya Pambajani ilikuwa kwamba tunda lililotambaa likaning'inia kwa jirani ni la jirani, basi Bi Zuwena aliyapika maboga ya Sururu kwa tui la nazi, na bakuli likarudi juu ya ukuta limejaa, maana bakuli halirudishwi tupu. Sururu alikuwa amemposa mara nyingi, lakini kila mara kwa mzaha, naye alijibiwa kwa mzaha.

"Bi Zuwena, nioe basi, nipate kulala karibu na sufuria!"

"Nikuoe wewe, Bwana Sururu? Kitambi hicho kitahitaji mkeka wake peke yake, nami ukili ni ghali."

Na wakicheka, na kila mmoja akirudi ndani kwake peke yake.

Na mji ule ulikuwa na mwiko: hakuna anyoosheaye kidole tunda changa la boga wala la mumunye, kwani tunda hilo huoza. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole uonyeshe kwa fundo lake. Na ukisahau, kiume kwa meno kidole hicho papo hapo, na ubaya utaondoka.

Ikawa mwaka huo mmumunye mmoja ulioning'inia kutoka upenu wa jiko ukazaa tunda ambalo mfano wake haujaonekana, lenye tumbo kama mtungi na shingo ndefu iliyonyooka. Na waziri wa sultani, jina lake Burhani, aliyekuwa akitafuta kibuyu kipya cha kunywea maji sultani siku ya karamu yake kuu, akaliona kutoka roshani ya kasri, akashuka na askari, akaingia uani bila hodi.

"Hilo!" akanena, na kidole chake chenye pete ya akiki kikanyooka kama mkuki. "Likateni!"

"Subhanallahi!" akalia Sururu. "Kiume kidole, bwana waziri, kiume upesi!"

"Mimi waziri niume kidole mbele ya askari kama mtoto?"

Ndipo sauti ndogo ya kukwama, mfano wa mtu mwenye mafua, ikatoka ndani ya tunda: "Kiume, bwana! Nakuomba! Nimo ndani!"

Askari wakaangusha mapanga, mmoja akaangukia boga. Na Sururu, ambaye huko Basra alikuwa amezungumza na watu wa ajabu zaidi, wengi wao wakiwa wadai wake, akakaribia akasema, "Hodi. Ni nani mwenzangu?"

"Mimi ni jini mdogo wa bustani, jina langu Zahari. Jioni moja ilinyesha mvua, nikaingia ndani ya ua jeupe la mmea huu kujikinga, nikasinzia. Kuamka, ua limefungwa, na tunda limenizunguka. Likikatwa bichi, litaoza nami nitaoza nalo. Likiachwa likauke juu ya shina lake mpaka mbegu zilie ndani, nitatoka salama."

Habari ikapanda kasri, na sultani akashuka mwenyewe, na waziri akamnong'oneza, "Ewe maulana, tulipasue leo, na jini tumfunge awe mtumwa wako."

Sururu akapiga magoti, na goti likalia kwa niaba yake. "Maulana mtukufu," akasema, "mimi nimelala chini ya mapaa ya watu wa kila lugha, na hakuna aliyenikabidhi kwa adui nikiwa mgeni wake, hata wale niliowamalizia chakula. Huyu ameingia kwangu kujikinga na mvua. Ni mgeni wangu. Nakuomba ulingoje tunda lake likauke."

"Kungoja?" sultani akauliza, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa chakula cha nchi ya mbali. Akafikiri, kisha akasema, "Haya. Lakini likioza, ua huu utakuwa zizi la farasi wangu, nawe utafunga kifurushi chako urudi kwenye safari zako."

Sururu akaangalia ukuta wa Bi Zuwena, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na mzaha.

Kulipokucha, pale kidole kilipoelekea pakatokea doa jeusi, laini. Na Sururu kwa hofu akachukua ndoo akalimwagilia shina asubuhi, akalimwagilia mchana, akalimwagilia jioni, na kila alivyomwagilia doa lilitanuka, na jini akazidi kukohoa, "Bwana mwenyeji, ninazama!"

Ndipo mlango ukabishwa, na Bi Zuwena, ambaye miaka yote hiyo alizungumza naye kupitia juu ya ukuta tu, akaingia na kung'uto la majivu na mkono mwingine umejaa ukili.

"Lete ndoo hiyo, Bwana Sururu."

"Nalipenda, Bi Zuwena, nalipa maji."

"Unaliua kwa mapenzi! Kinachotakiwa kukauka hukilowanishi. Kaa chini. Huna kazi."

Akalipaka doa majivu makavu ya jikoni, akalisukia tunda wavu wa ukili ambao ulikuwa uwe mkeka wa kuuza, akalitundika lipate upepo pande zote. Na Sururu akakaa chini, na kukaa huko kulimshinda kuliko bahari ya Sindi, kwani katika kila nchi aliyofika aliondoka kabla kitu hakijaiva. Basi Bi Zuwena akaja kila siku na kazi yake ya kusuka, akasukia pale pale, apate kuilinda ndoo.

Na sultani naye akawa hushuka kila asubuhi. "Limekauka?" "Bado, maulana." Mwanzo alirudi akiwa na hasira, kisha akarudi bila hasira, kisha akaanza kukaa kwenye kigoda na kuuliza habari za vibuyu vidogo. Siku moja akalitazama doa lile, akamgeukia Burhani.

"Waziri wangu, kiume kidole."

"Maulana! Mbele ya watu?"

"Kiume. Nataka nimwone jini huyo akitoka mzima."

Na waziri akakiuma, ijapokuwa kwa kuchelewa, pete na vyote, na jino likalegea. Na tangu siku hiyo doa halikutanuka. Likakauka likawa kovu dogo kama chapa.

Majani yakanyauka, shina likawa kamba, tunda likageuka rangi ya asali. Na asubuhi moja Bi Zuwena alilitikisa polepole, na mbegu zikalia ndani, cha, cha, cha. Wakakata kikonyo, wakatoboa shingo, na akatoka jini mdogo kama nyuki, akipiga chafya. Na Sururu akakung'uta mbegu, akakiosha kibuyu, akakijaza maji, akampa sultani; na maji yalikuwa ya kisima kile kile alichokinywea tangu utoto, lakini sultani alipoyamaliza macho yake yalijaa machozi, na ulimi wake ukahangaika, ukatoka na neno jipya: "Ahsante."

Askari hawakujua wasujudu au wakimbie.

"Nawe, mwenyeji wangu," jini akasema, "omba."

Sururu akakuna ndevu zake za upande mmoja. "Niombe nini? Nimeona kitu kikianza na nimekiona kikiisha, nami nipo pale pale. Nashukuru. Labda goti..."

"Mume wangu mtarajiwa ni mpumbavu," Bi Zuwena akamwambia jini, bila kuinua macho kwenye ukili. "Mimea yake ilivuka ukuta zamani. Yeye tu amebaki upande ule."

Sururu akauendea ukuta akichechemea, akauwekea mkono. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila mzaha, "Uondoe ukuta."

Na jini akapuliza, na ukuta ukatoweka jiwe baada ya jiwe, na maboga na vibuyu vilivyokuwa juu yake vikabaki vimening'inia hewani, vimeshikana vikono, havikudondoka hata kimoja.

Wakaoana Ijumaa hiyo hiyo, na sultani akawa shahidi. Na mbegu za kibuyu kile zilizaa vibuyu vya maumbo yasiyosimulika, hata wafanyabiashara wakaja kutoka Basra kuvinunua, na Sururu akatajirika nyumbani kwa kitu kile kile alichokibeba dunia nzima bila kukitazama.

Basi aliye na mche wake asiuharakishe, wala asiulowanishe kupita kiasi; na ukiletewa bakuli limejaa kutoka kwa jirani, usingoje jini ndipo useme ahsante. Nami niliyesimulia, nyumbani kwangu boga liko jikoni, na ninaitwa. Walioniita hawapendi kungoja.