Mume Aliyeingia Nyumbani Kinyumenyume

Paukwa!

Mbona mmelegea kama mchicha wa juzi? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa shimo na mwenye shimo!

Mwenye shimo na ateremke!

Na asiye na shimo?

Akae mlangoni asikilize!

Haya, sogeeni. Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakioana bila kuulizana kabila, alikuwapo Bi Kalunguyeye. Kiumbe mdogo, miiba mgongoni, tumbo laini kama andazi. Alikaa katika shimo alilochimba yeye na marehemu mama yake, kwa mikono, jua lao, mvua yao. Siku walipomaliza, udongo ukiwa bado mbichi, mama akakandamiza kiganja chake ukutani, kule ndani kabisa. Binti naye akakandamiza chake pembeni. Kikubwa na kidogo. Mama alipofariki, ikawa kila asubuhi binti anakipangusa vumbi kile kikubwa, anakiambia, "Shikamoo mama," ndipo awashe moto.

Akaja Bwana Ngiri kuposa. Meno yamepinda kama mundu, tumbo halijui kushiba. Wakaoana. Mlango ukamwia mdogo, akaupanua kwa meno, macho kayafumba kwa vumbi, gwara! gwara! gwara! Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya katika nyumba ile, na nasikia hata hiyo alipumzika mara tatu.

Sasa Ngiri alikuwa na desturi ya kwao: haingii shimoni akitanguliza uso. Anageuka nje, anarudi kinyumenyume. Kila jioni Bi Kalunguyeye akisikia tu-tu-tu-tu juu ya ardhi, anakung'uta mkeka. Mara mkia huo unaingia.

"Karibu, mume wangu," anauambia mkia.

"Mmh," sauti inajibu kutoka mlangoni.

"Umeshindaje?" anauuliza mkia.

"Pakua."

Sinia linapitishwa ubavuni, linarudi tupu. Na Ngiri anakaa papo hapo, uso nje, kitako ndani, hata kunakucha. Bi Kalunguyeye akawa anajilalia kwa raha, anasema moyoni, mume wangu ananilinda. Kumbe mwenzake anaangalia jirani gani amepika nini!

Ikapita miaka saba. Siku moja Ngiri akapata mwingine ng'ambo ya kijito, mwenye shamba la viazi vitamu. Akasimama nje, akapaza sauti ili mtaa wote usikie:

"Wewe Kalunguyeye! Nimekuacha! Na eda ikiisha, utoke katika nyumba yangu!"

"Nyumba yako?"

"Mlango nani kaupanua?"

Maneno yakafika barazani. Hakimu alikuwa Twiga, shingo hiyo ndefu, na karani alikuwa Kasuku, maana hakuna mwingine aliyeweza kushika maneno ya watu bila kuyapunguza. Wanyama wakajaa. Kasuku akaita, "Kalunguyeye!"

Bi Kalunguyeye akaona macho yote yamemwelekea. Mara, viringi! Akawa tufe. Pua ndani, miguu ndani, sauti ndani.

"Kalunguyeye!" Kimya. "Kalunguyeye!" Kimya.

Vijana wa ngedere wakadhani umeletwa mpira. Mmoja akapiga teke. Aliondoka akichechemea.

Ngiri akacheka, gruu! gruu! "Mnaona? Hana la kusema!"

Twiga akaamua: "Turudi siku ya saba. Akinyamaza tena, nyumba ni ya Ngiri."

Bi Kalunguyeye akarudi kwake akilia. Akakiangalia kile kiganja kikubwa ukutani, hata kukisalimia akashindwa. Ndipo akaja somo yake, Bi Chiriku, aliyemfunda siku ya harusi. Chiriku mnamjua, mdomo haupati likizo. Akatua, akaanza kabla hajakunja mbawa:

"Mwanangu, makosa ni yangu. Nilikufunda kuolewa, kuachwa sikukufunda. Inuka, tuanze leo."

Akatoa vyombo vyote jikoni. Chungu akakifudikiza, akachomeka upawa juu yake, mpini umeelekea mbinguni. "Huyu Hakimu Twiga." Kifuu cha nazi, "Huyu Kasuku." Kisha jungu kuukuu lililopasuka mdomo, akalipachika vijiti viwili. "Na huyu mtalaka wako."

"Somo, hayo si masihara?"

"Masihara ndiyo dawa yake. Kalunguyeye!"

Viringi! Tufe.

Siku ya pili, "Kalunguyeye!" Viringi! Siku ya tatu, "Kalunguyeye!" Viringi, lakini pua ikabaki nje.

"Bado naogopa, somo."

"Nani kakukataza? Woga ukija usiufukuze, hauondoki ule. Upe kigoda ukae. Zamu ya kusema ndiyo usiupe."

Siku ya nne alikunjuka mwenyewe, akalitazama lile jungu lenye vijiti, machozi yakamtoka upya.

"Sasa kulikoni?"

"Nimemkumbuka. Kuna jioni alikuwa akirudi na mvua, mkia unaingia umelowa, naufuta kwa upindo wa kanga yangu. Somo, kila nikimkumbuka, nakumbuka mkia tu. Miaka saba nimezungumza na mkia. Uso hajawahi kuugeuza ndani."

Bi Chiriku akanyamaza. Nasema akanyamaza! Jambo hilo halikuwa limetokea tangu atotolewe.

"Hebu rudia," akasema. "Ndani ya nyumba hii, hajawahi kutazama?"

"Hata siku moja."

Wakatazamana. Kisha mmoja akaanza kucheka, na mwenzake akafuata, mpaka chungu na upawa wake vikaanguka, kweche!

Siku ya saba ikafika. Baraza limejaa pomoni. Kasuku akaita, "Kalunguyeye!"

Miiba ikamsimama. Mgongo ukaanza kujipinda. Akamtazama Twiga, akaona chungu na upawa. Akamtazama Ngiri, akaona jungu lililopasuka. Woga akaupa kigoda.

"Labeka!"

Watu wakaguna, "Ee-e-e!"

"Una la kusema?" akauliza Twiga.

"Sina, Mheshimiwa. Nina la kumuuliza huyu bwana." Akamgeukia Ngiri. Ndipo alipomwona uso vizuri, mchana kweupe, na vile vinundu vyake. Kumbe ndivyo alivyo! "Bwana Ngiri, hii nyumba ukisema ni yako, na vilivyomo je?"

"Vyangu vyote!"

"Hata kinu cha mpingo, pale katikati ya chumba?"

"Changu! Nilikichonga mwenyewe!"

"Kinu. Kakichonga mwenyewe," akashika Kasuku.

"Na kitanda cha samadari, mkono wa kulia?"

"Changu! Nilikibeba mgongoni!"

"Kitanda. Mgongoni."

"Na madirisha matatu?"

"Yangu! Nimeyatoboa kwa meno haya!"

"Madirisha. Matatu. Meno hayo."

Majirani wakaanza kuziba midomo. Wao waliujua ukweli, maana Bi Kalunguyeye akitaka kutwanga, alikuwa akienda kwao kuazima kinu.

"Na kule ukutani, ndani kabisa, kuna nini?"

Ngiri akakuna kichwa. "Kuna... kuna kioo! Kioo kikubwa! Changu!"

"Kioo. Kikubwa."

Bi Kalunguyeye akashusha pumzi, kama aliyeshindwa. "Mheshimiwa, mimi sina nguvu za kugombana. Bwana Ngiri achukue kinu, kitanda, madirisha na kioo. Mimi nibaki na kitakachosalia."

"Nimekubali!" Ngiri akaruka juu. "Nimekubali kabla hajageuka!"

"Kakubali," akasema Kasuku. "Kabla hajageuka."

Baraza zima likaongozana mpaka shimoni. Twiga akapiga magoti, akaingiza shingo ndani, taratibu, taratibu. Sauti ikatoka chini:

"Kinu hakuna. Kitanda hakuna. Dirisha hakuna hata moja, hili ni shimo. Kioo hakuna. Naona mafiga matatu, mkeka, chungu na upawa, kifuu, jungu limepasuka. Na viganja viwili ukutani, kikubwa na kidogo."

Bi Kalunguyeye akaingia, akaweka mkono wake juu ya kile kidogo. Ukaenea sawasawa.

"Nimedanganywa!" Ngiri akapiga kelele. "Mimi ndani sijawahi kuona!"

"Miaka saba?" akauliza Twiga.

"Miaka saba," akashika Kasuku. "Ndani hajawahi kuona."

Basi Ngiri akapewa vyake vinne alivyovikubali, na kilichosalia, yaani nyumba, kikabaki kwa mwenyewe. Akaondoka mbio, tu-tu-tu-tu, mkia juu.

Bi Kalunguyeye alisimama mlangoni akauangalia ule mkia mpaka ukapotea. Hakucheka. Alipogeuka ndani akashangaa: jua lilikuwa limeingia mpaka ukuta wa mwisho, maana hakukuwa na kitako cha kulizuia. Akaona hata mistari ya kiganja cha mama yake. "Shikamoo mama," akasema. Lakini nasikia, na aliyeniambia ni wa kuaminika, kwamba siku za mvua bado hukung'uta mkeka jioni, akasikiliza kidogo, kisha akajicheka mwenyewe na kupakua sinia la mtu mmoja.

Nanyi wasichana mlioko hapa, lishikeni funzo: mke mwenye adabu hamjibu mume wake barazani. Bi Kalunguyeye hakumjibu hata mara moja. Alimuuliza tu.

Hadithi yangu hiyo imeshaingia shimoni, mmebaki na mkia. Anayeutaka uso wake, aifuate mwenyewe.