Kaa Mwanakheri na Kiboko Aliyesema Hapakai Mtu

Paukwa!

"Pakawa!"

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, sasa mmeamka. Wadogo sogeeni mbele. Wakubwa msisinzie, maana kisa hiki kina kelele.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza na baraza lina sheria, palikuwa na msitu wa mikoko kandokando ya bahari. Chini ya mikoko hiyo aliishi kaa mmoja, jina lake Mwanakheri. Mdogo! Ungemfunika kwa kiganja. Maji yakitoka, naye hutoka. Husafisha mlango wa shimo lake, huwasalimia chaza walioganda kwenye mizizi, huwatania kamba wadogo wanaorukaruka vidimbwini. Raha tupu.

Asubuhi moja, pa! Parakacha! Chubwi! Mkoko ukaanguka.

Pa! Parakacha! Chubwi! Wa pili.

Mwanakheri akachungulia. Akaona miguu minne, minene kama magogo. Alikuwa Kiboko.

"Bwana Kiboko, hodi!"

Kiboko akatazama juu, akatazama kushoto. "Nani anasema?"

"Mimi. Huku chini."

"Loo! Tope linasema!"

"Si tope, ni jirani yako. Mbona unatuvunjia msitu?"

"Nachimba bwawa la kugaagaa. Kubwa, la heshima yangu. Nimetangaza siku saba, hakuna aliyekataa. Na hapa hapakai mtu." Akageuka, akaendelea. Pa! Parakacha! Chubwi!

Mwanakheri akajibanza mlangoni mwa shimo lake. Aliogopa, ndiyo. Lakini zaidi alikasirika. Hapakai mtu? Na yeye je? Akakumbuka sheria ya pwani, kila mnyama aliijua: mkoko haukatwi mpaka waulizwe wanaoishi chini yake.

"Twendeni barazani tukashtaki," akawaambia majirani.

Chaza wakasema, "Sisi tumeganda hapa. Hatuwezi kwenda popote."

"Ndiyo maana nakwenda mimi."

"Lakini Mwanakheri, mashtaka anayapokea Korongo!"

Hapo chaza wakafunga makombe yao. Maana Korongo, karani wa baraza, chakula chake ni kaa.

Mwanakheri akaenda. Upande, upande, upande, kwaru kwaru kwaru, mpaka miguuni pa Korongo. Korongo akainamisha mdomo wake mrefu.

"Unajua mimi hula nini asubuhi?"

"Najua. Hula kaa."

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja, bwana karani. Mikoko ikiisha, kaa tutakwisha. Kesho kutwa utakula nini?"

Korongo akasimama mguu mmoja. Akafikiri. Akabadili mguu. Akafikiri tena. "Sema taratibu," akasema, "nayaandika."

Basi, siku ya maji makubwa, bahari ikajaa mpaka ukingoni mwa tope, ikamleta hakimu. Hakimu alikuwa Bi Nguva, mama mnene mwenye masharubu, asiye na haraka. Wanyama wakaketi.

"Bwana Kiboko, ulitangaza?"

"Nilitangaza, hakimu. Siku saba. Hakuna aliyekataa."

Mwanakheri akainua gando. "Naomba kumwuliza. Bwana Kiboko, ulitangazia wapi?"

"Kilimani."

"Wakasikia akina nani?"

"Swala. Na kanga."

"Swala anazalia watoto wake kwenye mizizi ya mkoko?"

"Aa... hapana."

"Kanga anachimba shimo topeni?"

Kanga mwenyewe akacheka, "Ke-ke-ke! Nichafue manyoya yangu?" Baraza zima likaangua kicheko.

Kiboko akapandwa na hasira. "Sasa nimtangazie nani pale? Kaa mmoja? Pale ni tope tupu! Kama kuna watu, na watoke tuwaone!"

"Hilo ni sawa," akasema Bi Nguva. "Mwanakheri, watu wako wako wapi?"

Mwanakheri akageukia tope. Hakuna aliyetoka. Akautazama mdomo mrefu wa Korongo. Halafu akaelewa.

"Hakimu, wanamwogopa karani."

"Karani! Mdomo chini ya bawa!"

Korongo akauficha mdomo, macho akayafumba. Ndipo Mwanakheri akagonga tope kwa gando lake, ko, ko, ko, akaimba:

"Wa shimoni, mpo?"

"Tupo!"

"Wa mizizini, mpo?"

"Tupo!"

Lo! Shimo moja likafunguka, na la pili, na la mia. Wakatoka kaa wekundu, kaa wa buluu, madume wenye gando moja kubwa wakilipunga juu. Kamba wakaruka majini, pwi, pwi, pwi! Chaza waliobaki kwenye mizizi wakafungua makombe yao na kuyafunga, ta, ta, ta! Tope lote likawa linapunga mikono. Tupo! Tupo! Tupo!

Kiboko akaachama. Kinywa kile, mnakijua. "Wote hawa," akasema kwa sauti ndogo, "walikuwa chini ya miguu yangu?"

Bi Nguva akatoa hukumu. "Kukata kumekoma leo. Ulipokata utapanda, mpaka paote. Ukitaka kugaagaa, kajichimbie mtoni, pasipo na mkoko, nako uwaulize kwanza walioko."

Kiboko akapanda. Alibeba mbegu ndefu za mikoko mdomoni, polepole asizivunje, na kaa wakimsimamia. "Wima, bwana! Hiyo umeipanda kichwa chini!" Akang'oa, akarudia. Siku ya kwanza alinung'unika. Siku ya tatu alikuwa akiimba puani.

Mwezi ukapita, na mwingine. Asubuhi moja kishindo kikasikika, du, du, du! Kaa wakakimbilia mashimoni. Kumbe ni Kiboko, anakuja mbio, anapiga kelele: "Mwanakheri! Mwanakheri, toka! Wangu umetoa majani mawili!"

Mwanakheri akatoka. Akayatazama majani yale, mabichi, yanang'aa. Akacheka mpaka akaanguka chali, na Kiboko akamgeuza kwa ncha ya pua, taratibu kabisa. Siku hiyo walicheza ngoma mpaka maji yakawajaa miguuni.

Basi wasikilizaji wangu, fundisho ndilo hili: mahali pa watu hapavunjwi kabla wenyewe hawajaulizwa. Na asiyeulizwa asijifungie ndani. Aifuate sheria, aseme, hata kama ni mdogo kama kaa.

Hadithi yangu imefika ukingo wa maji, na hapo ndipo inapoishia. Iliyo tamu chukueni, iliyobaki niachieni mwenyewe.