Waliompeleka Mpishi Ng'ambo

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na mji mdogo karibu na mpaka ukiitwa Shimbwa. Sogeeni. Aliyekuja kusinzia na aende akalale kwao, maana hadithi hii inanichoma mimi ninayeisimulia, na sitaki kuungua peke yangu.

Huko Shimbwa alikaa mjane mmoja, Bi. Mwanamize, mpishi wa arusi. Hakuna aliyeoza binti mji ule asimwite. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbwana, kijana wa miaka ishirini na miwili, na upishi Mbwana alijifunza kwa mamake. Vijana wenzake walimcheka: "Mwanamume mzima, kazi kukoroga sufuria!" Walicheka mpaka pilau iive. Ikishaiva hakuna aliyecheka, kila mtu kimya, mkono sahanini.

Siku moja akaja mtu aitwaye Sadi, wakala wa kazi, mwenye maneno matamu na kikohozi kisichoisha. Akasema, "Bi. Mwanamize, ng'ambo ya mpaka kuna kambi ya wajenzi. Watu mia mbili, na mpishi hawana. Nipe Mbwana." Mwanamize akamtazama mwanawe, Mbwana akasema yuko tayari. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza wajenzi hao wanajenga nini.

Basi akaagwa kwa desturi. Mamake akamfukiza udi, akampitisha chini ya msahafu mara tatu, akampa radhi zake zote. Mtaa mzima ukatoka kumsindikiza, kina mama na vigelegele, na Mwanamize siku ile alitembea kichwa juu. Mwanawe anaenda ng'ambo! Nani tena wa kumcheka?

Siku ya tatu, asubuhi, simu ikalia.

"Mama, tuko mpakani. Nina wasiwasi. Hawa watu wana bunduki garini, na nikiuliza kambi iko wapi hawanijibu. Sadi anasema anayetaka kurudi arudi sasa, huko mbele hakuna kurudi. Wenzangu wawili, nao walioahidiwa kazi, washageuza. Nirudi, mama?"

Mwanamize alikuwa na mwiko mkononi na majirani uani. Akaingia ndani, akashusha sauti. "Bunduki hizo za walinzi, mwanangu. Mtaa mzima umekusindikiza juzi. Leo urudi mikono mitupu, watu niwaambie nini? Watatucheka mpaka tufe. Mvumilivu hula mbivu. Nenda."

"Haya, mama."

Simu ikakatika, isilie tena kwa miezi kumi na minne.

Katika miezi hiyo Shimbwa ilijua kambi ile ni ya nani. Watu wa msituni, waasi wenye kambi ile, walivuka mpaka, wakaingia machimbo ya mawe wakati wa chakula cha mchana, wakaua watu sita. Mmoja wa waliouawa alikuwa Charo, dereva wa lori, mume wa Mama Kadzo, nyumba ya tatu kutoka kwa Mwanamize. Chakula cha matanga nani alikipika? Mwanamize. Alikoroga ubwabwa ule mpaka ukaiva, na ile simu ya mpakani hakumtajia mtu.

Kisha chifu wa Shimbwa, Mzee Shekuwe, akapita mitaani na kipaza sauti. "Wazazi! Mwenye mtoto aliyekwenda huko, amlete kwangu ndani ya siku thelathini! Hataguswa! Atapokewa kama mtoto wa nyumbani!" Akapita mtaa huu akasema hataguswa. Akapita mtaa ule akasema hataguswa. Mwanamize alisimama mlangoni akayasikia kwa masikio yake mawili.

Siku ya kumi na tisa, adhuhuri, Mbwana huyo akaingia uani kwa mamake. Amekonda, miguu imepasuka, ametoroka na kutembea siku sita. Mamake hakumpa hata nafasi ya kuoga. Akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, akampeleka moja kwa moja kwa chifu.

"Huyu hapa, Mzee. Umesema hataguswa."

"Nimesema, Bi. Mwanamize. Kaa, mwanangu, unywe chai."

Mbwana akanywa chai. Chai haijaisha, gari la polisi likasimama nje. Jamani! Hata kikombe hawakumwacha akiweke chini mwenyewe.

Kesi ikaja. Shtaka: kuondoka nchini kwenda kujiunga na kundi lililopigwa marufuku. Mahakama ikajaa mpaka madirishani.

Shahidi wa kwanza alisema nyuma ya pazia, jina lake lisijulikane. Akakohoa mara moja tu, Shimbwa nzima ikamjua. Sadi! Alikamatwa kabla ya Mbwana, akakubali kuisaidia serikali, akaachiliwa. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nilimdanganya kuhusu kazi, nakiri. Lakini mpakani nilimpa nafasi. Nilimpa na simu apige kwao. Wawili walirudi. Yeye alipiga simu, akaja akapanda gari."

Akaja chifu. Wakili wa Mbwana akamuuliza, "Ulitangaza hataguswa?" "Nilitangaza." "Karatasi ya ahadi hiyo iko wapi?" Mzee Shekuwe akapangusa jasho. "Karatasi sikupewa. Nilipigiwa simu nikaambiwa tangaza, nikatangaza. Nami nilimwamini aliyeniambia, kama Bi. Mwanamize alivyoniamini mimi." Ati alimwamini! Mtu anapigiwa simu, anakwenda kuzihadaa nyumba mia tatu, halafu jasho ndilo utetezi wake.

Mama Kadzo hakuwa shahidi wa maana kisheria, lakini mahakama ilimruhusu aseme. Alisimama wima. "Mimi nataka kumuuliza huyu kijana swali moja. Siku ile ya machimbo, wale watu walikula wapi kabla ya kuja kumuua baba Kadzo?"

Mbwana akainamisha kichwa. "Kwangu, mama. Niliwapikia mimi. Asubuhi ile niliwapikia uji na maharage, wakashiba, wakaondoka. Walikokwenda sikuambiwa. Waliporudi nilijua, na usiku nilianza kutafuta njia ya kutoroka. Ilinichukua miezi mitano."

"Ulijua, na siku ya pili ukawapikia tena?"

"Niliwapikia tena."

Mama Kadzo akakaa. Hakulia. Mwanamize ndiye aliyelia.

Mwendesha mashtaka akainuka. "Mshtakiwa, ile simu ya mpakani ulimpigia nani?"

Sasa sikilizeni vizuri. Mbwana alimtazama mamake aliyekaa benchi la pili. Angesema neno moja tu, angalau mzigo ungegawanyika. Akasema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki? Ulipiga simu kabla ya kujiunga na wauaji, na hukumbuki ulimpigia nani? Huenda ulimpigia mkubwa wao?"

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Hapo Mwanamize alishindwa kuvumilia. Mwanawe anasingiziwa kuwa mwenzao wa siri, na yeye ameketi, buibui limetulia, kana kwamba hayamhusu. Akaruka akasimama.

"Alinipigia mimi! Mimi mamake! Alinambia kuna bunduki, akaniuliza arudi, nikamwambia asirudi! Niliogopa kuchekwa! Nifungeni mimi!"

Hakimu, mwanamke wa makamo asiyepandisha sauti, akagonga meza. "Mama, kaa chini." Askari wakamkalisha. Lakini mwendesha mashtaka alikwisha kutabasamu. Wakili akaomba maneno yale yasiandikwe, mwendesha mashtaka akaomba mama aapishwe ayarudie, na Mwanamize, masikini, akaapa akayarudia yote, akidhani anamwokoa mwanawe.

"Kwa hiyo," akasema mwendesha mashtaka, "siku ya tatu mwanao alizijua bunduki. Alijua anaweza kurudi. Asante sana, mama. Sina swali jingine."

Wallahi, nikifika hapa mate hunikauka. Ukweli wa mama ndio uliogeuka kuwa kamba ya mwanawe.

Hakimu akasoma hukumu. "Mahakama hii inajua mshtakiwa alidanganywa alipotoka nyumbani. Inajua pia hakudanganywa alipovuka mpaka. Ahadi ya chifu si sheria, na mahakama haiwezi kuhukumu kwa kipaza sauti. Kuhusu shahidi wa nyuma ya pazia, sikumwachilia mimi. Aliyeletwa mbele yangu ni mmoja, na sheria imeniwekea kiwango ambacho siwezi kushuka chini yake. Miaka kumi na mitano."

Nje ya mahakama ndipo matusi yalipoanza. Watu walimzunguka chifu, naye akawapigia kelele, "Mimi nina kosa gani? Nilitumwa! Na msisahau, ningenyamaza angerudi akafichwa, na aliyefichwa hupigwa risasi!" Sadi alitolewa mlango wa nyuma, mmoja akamfikia akamshika kola, Sadi akasema huku akikohoa, "Mimi nimesema ukweli, nimewataja na wakubwa waliokuwa wakinituma. Kwa maneno yangu wako tisa ndani leo. Ninyi mmemkamata nani?" Yule mtu akamwachia kola. Si kwamba aliridhika, la. Alitema mate chini, akaondoka.

Wale vijana wawili waliogeuza mpakani nao walikuwepo, wamejibanza ukutani. Mtu akawauliza, "Ninyi miezi kumi na minne mlijua Sadi ni nani. Mbona hamkusema?" Mkubwa wao akajibu, "Tuseme kwa nani? Mmeona leo anayesema anavyofanywa."

Mwanamize alikuwa ameketi chini, mtandio umemwanguka mabegani. Mama Kadzo akaja akasimama mbele yake. Watu wakampisha.

"Mwanamize. Ulinipikia matanga ya mume wangu, na simu ile unayo kifuani."

"Nilikuwa nayo."

"Ungesema siku ile simu ilipolia, Sadi angekamatwa mapema. Pengine baba Kadzo angekuwa hai."

"Najua."

"Mimi sikupi pole," akasema Mama Kadzo. "Lakini na hii miaka kumi na mitano sioni kama nimelipwa. Mtoto wako kaipata yote peke yake, na wengine wamekwenda kula chakula cha mchana."

Gari la magereza likapita kati yao na vumbi lake. Mwanamize akainuka akalikimbilia hatua kumi, kumi na tano, akashindwa.

Haya. Mimi nimemaliza, sasa nyinyi. Miaka kumi na mitano hiyo hapa nimeiweka katikati yenu kama nyama ya mbuzi wa shughuli, na hakuna kuondoka mpaka igawanywe. Yuko Sadi, aliyempeleka kisha akawataja wakubwa. Wako wawili waliorudi wakafunga midomo. Yuko chifu aliyetoa ahadi isiyokuwa yake. Yuko hakimu aliyeona yote akahukumu aliyeletwa. Yuko mama aliyeogopa kuchekwa. Na yuko mpishi aliyewasha moto asubuhi ya pili, akapika tena. Msiniambie "wote sawasawa", hilo ni jibu la mvivu, na Mama Kadzo yuko hapa anawasikiliza. Kateni nyama. Je, fungu kubwa nani alistahili kulibeba?