Msiba wa Mzee Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Nyumba.
Ya nani?
— Ya mwenyewe, sisi wapangaji tu.
Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, izime, sirudii mtu.

Alikuwapo Mama Kindi na wanawe. Mjini walichoka, wakahamia mtaa wa pembeni, mtaa tulivu wa familia. Mwenye nyumba, Mzee Chui, kila aliyetaka chumba alimwambia, "Mie nataka wapangaji wenye watoto. Napenda sana watoto." Mmesikia wapi mwenye nyumba anasema hivyo? Mama Kindi akafurahi, akahamia.

Uani miti yote imekatwa, Chui apate pa kuegesha gari. Ukuta mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Geti ni moja, na funguo anazo Chui. Siku moja Mama Kindi anafagia, akakuta chini ya kitanda ndala ndogo ya mtoto, ya mguu mmoja. Hofu ikamwingia.

Jioni, nyata, nyata, nyata.
"Hodi, mama watoto. Wamenenepa?"
"Bado, baba. Wana homa."
"Haya, nitarudi."

Jioni ya pili, nyata, nyata, nyata.
"Hodi, mama watoto. Wamenenepa?"
"Bado, baba. Wanaharisha."
"Haya, nitarudi."

Jioni ya tatu hakuuliza. "Kesho mchana naingia kukagua dari," akasema. "Usihangaike kunifungulia, funguo ninazo."

Mama Kindi aliogopa mpaka meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Watoto wamemlalia tumboni, hawajui kitu.

Kulipokucha akapanda dirishani, akajishika kichwa, akaangua kilio. "Uwiii! Jamani majirani, mwenye nyumba wetu kafiwa na mama yake!"

Nani atasikia kilio abaki kwake? Nyati kaja na turubai. Ngiri kaja na majamvi. Kanga kaja na sufuria, analia kuliko wote, maana mwanawe alipotea tangu masika na hajaonekana. Chui akaambiwa afungue geti na aliache wazi, geti la msiba halifungwi. Wakamkalisha jamvini, mmoja huku, mmoja huku.

"Jamani, sijafiwa," Chui akasema.
"Wote husema hivyo siku ya kwanza," Ngiri akamjibu, anampapasa mgongo.
"Mama yangu alishakufa zamani."
"Basi, baba, umekubali. Sasa lia."

Kanga akaingia stoo ya Chui kutafuta mwiko. Akakawia. Akatoka na ndala ndogo, ya mguu mmoja. Mama Kindi akateremka na ile ya chini ya kitanda, akaiweka kando yake. Huu wa kulia, huu wa kushoto.

"Hizi za mwanangu," Kanga akasema.

Nyati akasimama getini. Chui akatafuta mti wa kupanda. Mti uko wapi, na keshaikata yote? Akaurukia ukuta, chupa zikamchana tumbo, charrr, akaangukia nje, akatokomea porini. Turubai halikushushwa siku ile. Majirani walibaki jamvini na Kanga.

Funzo lake? Msizushe msiba, wanangu, ni vibaya sana. Mama Kindi alizusha, na mpaka leo anakaa mle mle, geti wazi, watoto wamenenepa, wala jioni hakuna wa kumpigia hodi.

Hadithi yangu imefika getini. Anayetoka na atoke, anayebaki asifunge.